Umeme wa bure saa sita mchana: ni zawadi ya nani?



Wiki hii nilipokea ujumbe wa sauti wa baba mmoja wa kartie yetu. Alisema: "Ndugu wa radio, banasema kule Australie serkali inapatia batu umeme ya bule saa sita. Sie huku tutapata siku gani?" Nyuma ya sauti yake nilisikia gurupu ya jirani ikinguruma, ile ya petroli.

Nilimwahidi jibu, na jibu halitamfurahisha. Mpango wa umeme wa bure kwa saa fulani, ukiletwa hapa kwetu sawa ulivyo, utakuwa zawadi kwa wale ambao tayari wana vyombo, wana kompteri na wana mtu wa kukaa nyumbani mchana. Mama anayepanga chumba kimoja, mwenye balbu moja na simu moja, hatapata karibu kitu. Tena anaweza kuwa yeye ndiye anayemlipia mwingine. Nitaeleza polepole, na asiyekubali aniandikie.

Kwanza tuwe wa haki kwa Waaustralia. Novemba 2025 waziri wao wa nishati, Chris Bowen, alitangaza kwamba kuanzia Julai 2026 kampuni za kuuza umeme katika New South Wales, South Australia na kusini-mashariki ya Queensland zitapaswa kutoa mpango wa saa tatu za bure kila siku, katikati ya mchana. Hata nyumba isiyo na paneli ya jua inaweza kuingia, hata mpangaji, ikiwa ana kompteri ya kisasa inayohesabu matumizi saa kwa saa.

Hawafanyi hivyo kwa huruma tu. Nyumba zaidi ya milioni nne kule zimeweka paneli juu ya paa. Jua likiwa kichwani, umeme unakuwa mwingi kupita mahitaji, na bei yake kwenye soko la jumla inashuka mpaka sifuri, mara nyingine chini ya sifuri. Jioni jua likizama, watu wote wanarudi nyumbani na kuwasha kila kitu, bei inapanda. Kwa hiyo serikali inawaambia watu: fueni nguo mchana, jazeni betri mchana, mtupunguzie mzigo wa jioni. Wana ziada, wanaigawa. Hata hivyo, kule nako swali linabaki: mfanyakazi wa kiwanda asiyekuwa nyumbani saa sita anafaidi nini? Na kampuni iliyotoa bure mchana, nani ataizuia kutafuta pesa yake saa moja jioni?

Sasa tulete mpango huo Naviundu, kwa kalamu na karatasi.

Chukua lupango ya kwanza. Ina ukuta na geti. Ndani kuna konjelateri mbili, pompe ya maji, klimatizeri, mashini ya maji ya moto na betri kubwa za kuweka umeme. Wakiwasha vyote pamoja, tuseme ni kilowati tano. Saa tatu kwa siku ni yuniti 15, zile zinazoandikwa kWh. Kwa siku thelathini ni yuniti 450.

Chukua lupango ya pili, ukuta kwa ukuta na ile ya kwanza. Mama anapanga chumba kimoja na watoto watano. Ana balbu, simu na radio. Saa sita mchana balbu haina kazi. Simu na radio pamoja hazifiki wati 20. Kwa saa tatu ni wati 60 za saa. Kwa mwezi mzima, hazifiki yuniti mbili.

Tangazo ni moja na saa ni zilezile. Mmoja amepewa yuniti 450, mwingine chini ya mbili. Na zile 450 zingetosha familia tisa kama kila moja ingepewa yuniti 50. Mbele ya hesabu hiyo, mtu asiniambie kwamba mpango ni wa haki kwa sababu saa ni sawa kwa wote. Mlango umefunguliwa kwa wote, sawa, lakini mmoja amekuja na kamio na mwingine amekuja na kikombe.

Mtasema natoa mfano wa mbali. Basi tuangalie wa karibu, maana sisi wa Lubumbashi tumeonja saa ya bure zamani, bila kuiita jina hilo.

Nyumba nyingi za mji huu hazina kompteri. Zinalipa faktire ya makadirio, kiasi kilekile kila mwezi. Kwa nyumba ya namna hiyo, kila saa umeme unapofika ni saa ya bure: ukitumia sana faktire haipandi, usipotumia haishuki. Na katika mji wa delestaji, umeme mara nyingi unarudi usiku, wakati watu wamelala. Basi nani anafaidi ile saa saba ya usiku? Mwenye tanki na pompe anajaza maji akiwa kitandani. Mwenye betri, betri zinajijaza zenyewe. Mwenye konjelateri, samaki zake zinaganda. Kwa jirani yangu anayeuza mandazi, saa hiyo anaamka. Anapiga pasi nguo za shule, anaweka maharagwe kwenye resho, anachaji simu mbili, na binti yake wa miaka kumi na mbili anasimama naye. Saa kumi na moja anakanda unga. Binti anaenda shuleni na macho mekundu. Ukimuuliza mama huyo kama umeme ule ulikuwa wa bure, atakuambia alilipa kwa usingizi wake na wa mtoto.

Saa ya bure ya mchana ni hivyohivyo. Saa sita mama wa Naviundu yuko sokoni, au shambani, au kwenye mlango wa mtu anafua nguo. Baba yuko anatafuta. Chumbani kuna mtoto mdogo na bibi. Je, tunataka watoto wa miaka sita wawashe resho peke yao ili familia isikose zawadi ya serikali?

Kuna jambo la tatu ambalo mapendekezo ya namna hii husahau: umeme unahesabu kompteri, hauhesabu watu. Hili linawagusa moja kwa moja ninyi mliofika hapa mkikimbia vita, kutoka upande wa Mitwaba na Pweto, kutoka Manono, na siku hizi kutoka Goma na Bukavu. Wengi wenu mnaishi familia tatu au nne katika lupango moja, juu ya waya mmoja. Faktire inafika kwa jina la mwenye lupango. Ninyi mnamlipa kwa hesabu yake: balbu kiasi hiki, televizio kiasi hiki, resho ni marufuku. Serikali ikitangaza kesho saa tatu za bure, unafuu utaingia kwenye faktire ya mwenye lupango. Balbu yako italipwa bei ya jana. Simtukani mwenye lupango, wengine ni watu wema waliowapokea bila kuuliza pesa ya garanti. Nasema tu kwamba zawadi iliyopita mkononi mwa mtu mwingine, bila sheria ya kuilinda, haifiki kwa mwenyewe.

Na ambaye hana waya kabisa? Katika nchi yetu, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme. Wanne waliobaki, hata ukiwapa saa ishirini na nne za bure, umewapa hewa. Tulishaona mfano. Mwaka 2020, wakati wa Korona, serikali ilitangaza miezi miwili ya maji na umeme bila kulipa. Nia ilikuwa nzuri, watu walikuwa wamefungiwa kazi. Lakini aliyesamehewa ni yule aliyekuwa na faktire. Aliyekuwa akiwasha buji aliendelea kununua buji, na aliyekuwa akinunua maji kwa bidoni aliendelea kununua bidoni.

Sasa swali zito zaidi: huo umeme wa bure utatoka wapi?

Australia inagawa ziada. Katanga hakuna ziada ya saa sita. Mabwawa yetu yalijengwa kwa ajili ya shaba. Mwadingusha, juu ya mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930 kwa Union Minière. Baadaye zikaja Koni, Nzilo, na Nseke mwaka 1956. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukamalizika ule waya mkubwa kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ukipita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha taa ya mafuta. Waya ule nao ulitandikwa kwa ajili ya migodi. Na migodi haina usiku wala mchana. Mashini zake zinasaga mawe saa sita mchana sawa na saa sita usiku, na umeme wa hapa hauzitoshi, mpaka nyingine zinanunua nje ya nchi.

Miaka ya karibu kampuni za migodi zimetoa pesa kutengeneza turbini za SNEL zilizokufa. Mwadingusha yenyewe imefanywa upya kwa njia hiyo, pamoja na Ivanhoe Mines, na deni linalipwa polepole kwa kupunguziwa faktire. Siwalaumu kwa hilo. Bila pesa hiyo turbini zingebaki chuma cha kuuza kwa kilo. Lakini tuseme wazi maana yake: sehemu ya umeme unaotoka pale ina mwenyewe tayari, kwa mkataba. Haiwezi kumwagwa tu juu ya kartie kwa sababu ya tangazo.

Kwa hiyo saa ya bure hapa lazima ilipwe na mtu. Ikiwa italipwa na shirika, pesa ya kununua transfo mpya itatoka wapi siku kabini yetu itakapoungua? Ikiwa bei ya jioni itapandishwa kufidia mchana, basi mama wa chumba kimoja, ambaye umeme anauhitaji jioni tu, atamlipia jirani klimatizeri ya saa sita. Ikiwa italipwa na hazina ya serikali, hiyo ni kodi yetu sote, hata ya yule asiye na waya. Kila njia unayoshika, mwenye kikombe anamjazia mwenye kamio.

Nimewasikia wanaopinga, na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza anasema: kidogo ni afadhali kuliko hakuna, ukikataa zawadi isiyo kamili, utabaki mikono mitupu. Ndugu, ningekubali kama zawadi isingekuwa na gharama. Lakini pesa inayotumika kumpa mwenye vingi yuniti 450 haipo tena ya kuvuta waya mpaka upande wa pili wa mto. Tunachagua, hata tusiposema kwamba tunachagua.

Wa pili anasema: fikiri makala. Hapa ana haki, na nataka niseme hivyo bila kuzunguka. Lubumbashi inapika kwa mbabula. Mfuko wa makala unatoka mbali kila mwaka zaidi, kwa sababu miti ya karibu imekwisha. Saa tatu za umeme mchana zingeweza kuchemsha maharagwe, na maharagwe ndiyo yanayokula makala kupita chakula chochote. Lakini resho inahitaji waya imara, inahitaji ruhusa ya mwenye lupango, na inahitaji mtu nyumbani. Anayetaka kupunguza makala aanze na hayo. Akishayafanya, yuniti chache za bei ndogo zitapika maharagwe saa yoyote ambayo mama anaweza, hata jioni.

Wa tatu anasema maskini akipewa bure ataharibu. Huyu sina la kumwambia zaidi ya kumrudisha kwenye ile hesabu ya wati 20 na kilowati tano, aone mwenyewe nani ana uwezo wa kuharibu.

Mimi sipingi neno bure. Elimu ya msingi ilifanywa bure mwaka 2019. Madarasa yamejaa kupita kiasi, walimu wamelia, yote ni kweli. Lakini mpango ule ulihesabu mtoto. Mtoto wa mkimbizi ni mmoja, mtoto wa mwenye lupango ni mmoja. Serikali haikusema: shule ni bure kwa atakayeweza kufika kati ya saa tano na saa nane.

Umeme nao unaweza kuhesabiwa hivyo, kwa kiasi. Afrika ya Kusini, tangu 2003, siasa yao ni kuipa familia maskini yuniti 50 za bure kila mwezi, itumie saa inayotaka. Una kasoro: familia inapaswa kujiandikisha kwenye manispaa, na nyingi zenye haki hazipati. Tanzania, mteja mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 tu kwa yuniti. Si bure, lakini unafuu unaenda kwa anayetumia kidogo, na anayetumia sana anatoka kwenye bei hiyo. Linganisha na Kenya, ambako Desemba 2017 walianza kuuza umeme wa usiku kwa nusu bei, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Waliolengwa ni viwanda na biashara kubwa. Hawakuficha: punguzo la saa ni la mwenye mashini.

Yuniti 50 zinafanya nini Naviundu? Balbu nne za wati 10, saa tano kila jioni: yuniti 6 kwa mwezi. Simu na radio: tuseme 2. Resho ndogo ya kilowati moja, saa moja kwa siku: 30. Zinabaki 12, ni saa kumi na mbili za pasi. Hayo ni maisha ya familia yenye taa, yenye mtoto anayesoma usiku bila moshi wa mafuta. Hiyo ndiyo zawadi ningeipigia makofi.

Kwa hiyo, kwa wakubwa wa jimbo, kwa SNEL, na kwa ARE, mamlaka iliyozaliwa na sheria ya umeme ya 2014 ili kuangalia bei na kumlinda mtumiaji, naomba mambo manne.

Moja: kabla ya saa ya bure, tupeni saa inayojulikana. Ratiba ya delestaji itangazwe kwenye radio, kartie kwa kartie, na ifuatwe. Ratiba haigharimu turbini. Mama akijua umeme utafika saa kumi na mbili jioni, hataamka saa saba usiku kubahatisha.

Mbili: unafuu wowote uhesabiwe kwa kiasi na kwa familia. Yuniti za kwanza za mwezi ziwe bure au za bei ndogo kabisa, na anayetumia sana alipe bei kamili.

Tatu: familia hesabu yake ifuate milango, isifuate lupango. Wapangaji wanne juu ya kompteri moja ni familia nne. Na mwenye lupango asiruhusiwe kuuza kilichotolewa bure. Chefu wa kartie anajua nani analala wapi; aandike, na wakimbizi waandikwe pamoja na wenyeji.

Nne: kama siku moja tutakuwa na umeme wa ziada saa sita, na jua la Katanga halina deni na mtu, basi saa hizo wapewe kwanza wale ambao wakitumia, sote tumetumia. Pompe ya kisima cha kartie ijaze tanki mchana, mama wakirudi wachote. Frigo ya chanjo ya kituo cha afya. Shule. Paneli chache juu ya paa la kituo cha afya zinatoa saa ya bure ambayo haichagui nani ana konjelateri.

Baba ulionitumia sauti, hili ndilo jibu langu. Ukisikia wakati wa kampeni mtu anaahidi umeme wa bure, muulize maswali matatu tu: yuniti ngapi, kwa familia ipi, na nani analipa. Akijibu saa badala ya yuniti, mwonyeshe chumba cha yule mama wa balbu moja, halafu mwambie ahesabu mwenyewe.

Na ninyi mnaopanga, wenyeji na wageni, nitumieni ujumbe: mnalipa kiasi gani kwa balbu moja, na umeme unawafikia saa ngapi. Sitataja jina la mtu wala namba ya lupango. Nitakusanya majibu, nitayasoma hewani, kisha nitaomba wenye kuhusika waje studio kujibu mbele yenu.